Nondo Mbili za Ziada

Leo nimerudi chini ya Boriti ya Saba,
ukumbi wa mihadhara, orofa ya pili,
na kofia ngumu, nyundo ndogo, tochi,
na barua ya Chuo inayonitaka niseme
kama jengo hili linafaa kuishi miaka mingine hamsini
au libomolewe, pajengwe kioo kitupu.

Nagonga.
Zege zima hujibu kwa sauti kavu, ya juu,
kama mlango wa mtu aliye nyumbani.
Zege lililooza ndani hujibu bu,
nawe wajua kutu imevimba, inasukuma ganda;
kikulacho ki nguoni mwako.
Lemayian ananifuata na chaki,
anazungushia duara kila penye bu.
Kufika saa nne dari ina tetekuwanga.

Wahenga walituhimiza tuzibe ufa.
Wahenga hawakutia sahihi ripoti.
Ufa ni barua, huichomi kabla ya kuisoma:
huu wa mshazari karibu na nguzo unaogopa kukatika,
hizi nyembamba za wima katikati ni uchovu tu,
na ule wa kule, unaofuata chuma kama mshono,
ni mvua ya Aprili, Aprili nyingi,
na bomba la paa lililozibwa na manyoya ya mwewe.

Sasa niseme nisilolitaja nilipoomba kazi hii.

Mwaka wa tisini na tatu, kiti cha nne kutoka dirishani,
Daktari Kithaka alitupa swali:
boriti hii hii iliyo juu ya vichwa vyenu,
mita kumi na mbili, nondo nane, kama ilivyochorwa.
Pigeni hesabu ya mzigo mfu: zege, vigae, madawati.
Pigeni ya mzigo hai: wenzenu wa orofa ya tatu,
na vicheko vyao.
Nikapiga. Nikarudia. Nikapata: haisimami.

"Mutheu," akasema mbele ya watu sitini,
"haisimami, nawe umekaa chini yake?"

Nilirudia mwaka.
Mama aliuza cherehani.

Mashine ya kusaka chuma hulia kama kifaranga.
Lemayian anaipitisha polepole, anahesabu kwa sauti:
sita, saba, nane.
Tisa.
Rudia, nasema.
Tisa. Kumi.

Tukachimbua nafasi ya kiganja kimoja.
Ziko. Nane laini, za mviringo, kama ramani isemavyo,
na mbili za pembe nne, zimesokotwa kama kamba ya ng'ombe,
zimefungwa kwa waya vifundo viwili viwili,
vifundo vya mtu asiye na haraka.

Ramani haizijui. Stakabadhi hazizijui.
Labda ni nyapara, labda fundi wa chuma
aliyetazama urefu ule kabla zege halijamwagwa,
akatikisa kichwa, akaenda kuzitafuta.
Katika mji huu tumefukua watu
chini ya sakafu zilizonyimwa chuma;
huyu yeye aliiba kinyume, akaongeza.
Hakuwa na kikokotoo. Alipata jibu langu.

Daktari alizikwa miaka mingi iliyopita.
Nilituma mchango kwa simu, shilingi mia tano,
nikabaki na neno lililonikaa kooni.
Hata leo nimelitafuta nimwambie nani.
Nimemwambia Lemayian. Akasema, "Aisee,"
akarudi kwenye chaki yake.

Kwenye fomu nimeandika:
Boriti ya Saba. Nondo kumi. Kutu kidogo. Iachwe.
Penye "chanzo cha taarifa" nimeandika "jengo lenyewe".
Kisha nikaagiza jeki nne zisimamishwe chini yake,
kwa kuwa tumeitoboa, na hesabu ni hesabu.

Jeki zitafika saa tisa.
Viti vya zamani viling'olewa, nimehesabu alama za skrubu sakafuni,
ya kwanza, ya pili, ya tatu,
kwenye ya nne nikakaa chini, kwenye vumbi,
nikala andazi langu.